Rufaa Husoma Kilichoandikwa: Mauaji ya Nyumbani Kutoka Eastlands Hadi Mahakama ya Juu

Farid Mohammed Halim aliuawa kwa kisu tarehe 20 Septemba 2015 katika nyumba moja mtaani Buruburu, Nairobi. Mwili wake ulikuwa na majeraha 25. Mpenzi wake, Ruth Wanjiku Kamande, alishtakiwa kwa mauaji. Alijitetea kwamba alikuwa akijihami, lakini Mahakama Kuu haikumwamini, na tarehe 19 Julai 2018 Jaji Jessie Lesiit akatoa hukumu ya kifo. Mshtakiwa alikuwa na umri wa miaka 24. Alikata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ikaitupilia mbali mwaka 2020. Akapanda hadi ngazi ya mwisho, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu nayo ikamkatalia. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka tisa tangu siku ile ya Buruburu.

Miaka yote hiyo gumzo lilikuwa juu ya taji la urembo alilovikwa katika gereza la wanawake la Lang'ata mwaka 2016. Picha ya taji iliwafanya watu wacheke au wakasirike, na katika hayo mawili hakuna lililomsaidia mtu kuelewa kilichokuwa kikiamuliwa. Kesi hii ilistahili mjadala mzito zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyoifanya mahakama ya mwisho nchini itamke jinsi ya kumsikiliza mwanamke anayedai aliteswa na mtu aliyelala naye nyumba moja, kisha mwanamke huyo akamuua. Jibu la majaji linamhusu kila anayeishi mitaa ya Eastlands kama Umoja, Kayole, Dandora, Huruma, Kariobangi na Pipeline, mwanamke kwa mwanamume. Pia linamhusu aliyekufa, ambaye hawezi kukata rufaa.

Watu wengi hudhani rufaa ni kesi inayoanzishwa upya, kwamba mtu aliyeshindwa huko chini hupata nafasi ya kueleza vizuri zaidi yale aliyoyaeleza vibaya. Sivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, humpa kila aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa au kuomba uamuzi upitiwe na mahakama ya juu zaidi. Kosa la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, kwa hiyo rufaa ya kwanza huenda moja kwa moja Mahakama ya Rufaa. Ilani hutolewa ndani ya siku 14, mwenendo wa kesi huchapwa, sababu za rufaa huandikwa, kisha majaji watatu huketi. Mbele yao hakuna shahidi anayeapa wala jirani anayeulizwa alisikia nini. Kuna karatasi tu, na mawakili wa pande mbili wanaobishana juu ya karatasi hizo.

Ni kweli kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu mkubwa. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, majaji wa Kenya wameshikilia kwamba mrufani wa kwanza ana haki ya kuona ushahidi wote ukichambuliwa upya na uamuzi mpya ukifikiwa, bila kufuata tu alichosema jaji wa kwanza. Lakini Okeno yenyewe inaongeza jambo ambalo mawakili hulinukuu kwa sauti ya chini: mahakama ya rufaa ikumbuke kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Jaji wa kwanza alimwona shahidi akitokwa na jasho. Wale watatu wanasoma kwamba shahidi alisema aliamka saa tano, basi.

Tena karatasi hizo zina namna yake. Shahidi kutoka Kayole hutoa ushahidi kwa Kiswahili, mara nyingi kikiwa kimechanganyika na Sheng. Karani hutafsiri, naye jaji huandika kwa Kiingereza, kwa mkono au kwa kompyuta. Mara nyingi swali haliandikwi. Huandikwa jibu pekee, kana kwamba shahidi alikuwa akisimulia mwenyewe bila kuulizwa: nilisikia kelele, nilidhani ni za kawaida, sikwenda. Wakili akikosa kuuliza kelele hizo zilianza lini, zilisikika mara ngapi kwa mwezi na nani alikuwa akilia, hakuna mstari utakaokuwapo wa kusomwa miaka mitano baadaye. Nimesoma hukumu nyingi za aina hii, na jambo linaloniuma kila mara ni sentensi kama hiyo, “nilidhani ni za kawaida”, imekaa peke yake katikati ya ukurasa bila swali lililoifuata.

Sasa tuitazame sheria yenyewe. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mauaji ni kumuua mtu kinyume cha sheria kwa dhamira ovu, na kifungu cha 206 kinaeleza dhamira hiyo. Si lazima mtu awe amepanga siku tatu kabla. Inatosha kwamba alitaka kuua au kuumiza vibaya, au alijua kitendo chake huenda kikaua na hakujali. Dhamira haionekani kwa macho, kwa hiyo majaji huipima kwa ishara, na kipimo chao ni cha zamani. Kesi ya Tubere wa Ochen, iliyoamuliwa mwaka 1945 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika shauri lililotoka Uganda, iliwafundisha watazame silaha iliyotumika, jinsi ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio. Kofi moja lililomwangusha mtu akagonga kichwa kwenye sakafu ni jambo moja. Majeraha 25 ya kisu ni jambo jingine. Mrufani yeyote mwenye idadi hiyo katika faili yake anaanza safari akiwa amebeba mzigo ambao wakili hodari hawezi kuutua kwa maneno.

Katika mauaji ya nyumbani mrufani huwa na njia tatu hivi. Anaweza kusema hakuua yeye. Anaweza kusema aliua akijihami. Au anaweza kusema aliua kwa kukasirishwa ghafla, na hivyo kosa literemke liwe kuua bila kukusudia.

Njia ya kwanza ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mauaji ya nyumbani hutokea mlango ukiwa umefungwa, na mara nyingi aliyeona ni muuaji na marehemu tu. Upande wa mashtaka hutegemea ushahidi wa mazingira: mwenye ploti aliwaona wakiingia saa mbili, soja hakumwona mtu mwingine akipita getini, asubuhi mmoja akapatikana amekufa na mwingine hayupo. Sheria inataka mazingira hayo yathibitishwe barabara, yaelekeze kwa mshtakiwa bila kuyumba, na yafanye mnyororo usioacha nafasi ya mtu mwingine. Mahakama ya Rufaa iliyaweka hayo wazi katika kesi ya Abanga mwaka 1990. Rufaa nyingi hufaulu hapa, na hufaulu kwa haki, kwa sababu polisi walikamata aliyekuwa karibu wakaridhika, na pete moja ya mnyororo haikuwahi kuwapo. Lakini Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 111, humtaka mtu aeleze mambo ambayo yeye peke yake anayajua. Aliyelala chumba kimoja na marehemu, kisha akasema hajui lolote, hujiweka pabaya. Wajibu wa kuthibitisha hauhamii kwake, lakini ukimya wake huzungumza.

Kuna pia maneno ya mwisho ya anayekufa, yanayokubaliwa na kifungu cha 33 cha sheria hiyo hiyo ya Ushahidi. Mwanamke aliyefikishwa Hospitali ya Mama Lucy akiwa bado anapumua, akamtaja mumewe kwa muuguzi, huacha ushahidi mzito. Hata hivyo, tangu kesi ya Jasunga mwaka 1954 majaji huonya kwamba ni hatari kumtia mtu hatiani kwa maneno hayo pekee yasipoungwa mkono na jambo jingine, kwa kuwa aliyeyasema hakuulizwa maswali na mtu wa upande wa pili. Muuguzi asipoyaandika saa ile ile, au polisi asipomtafuta muuguzi huyo, maneno hayo hupotea pamoja na mwenyewe.

Njia ya pili na ya tatu ndizo zilizogongana katika suala la Kamande, na hapo napenda kukaa kidogo.

Kujihami kunahitaji hatari iliyopo au inayokaribia, na nguvu inayolingana na hatari hiyo. Kukasirishwa, kwa mujibu wa vifungu vya 207 na 208 vya Kanuni ya Adhabu, kunahitaji kitendo kibaya au tusi la ghafla, na mtu awe aliua kabla hasira haijapoa. Tazama sheria hizi zinamfaa nani. Zinamfaa mtu mwenye nguvu anayepiga papo hapo. Mume aliyefika nyumbani akakuta alichokikuta, akashika kitu kilichokuwa karibu na kuua, ana la kusema mbele ya jaji, na wanaume wengi wamelisema mpaka hukumu zao zikateremka. Mwanamke aliyepigwa miaka sita, anayejua kwamba hawezi kushindana na mumewe akiwa macho, akangoja usiku alale, hana hatari iliyopo wala hasira ya ghafla. Ana woga uliokua pole pole. Sheria iliyoandikwa zama za ukoloni haikumwona.

Nchi nyingine zililitambua pengo hili mapema. Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Lavallee ya mwaka 1990, ilikubali ushahidi wa mtaalamu juu ya mwanamke anayepigwa mfululizo, ili baraza la wazee wa mahakama lielewe ni kwa nini aliamini maisha yake yamo hatarini wakati mtu wa nje asingeona hatari. Uingereza ilikuwa na Kiranjit Ahluwalia, aliyemchoma moto mumewe akiwa amelala mwaka 1989 baada ya miaka ya kuteswa, akafungwa maisha. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ya huko ilitengua hatia hiyo na kuamuru kesi isikilizwe upya. Wengi husimulia kisa chake kana kwamba majaji waliguswa na mateso yake. Faili linasema vingine. Majaji walikataa hoja yake ya kukasirishwa. Waliikubali rufaa kwa sababu taarifa ya daktari juu ya hali yake ya akili ilikuwapo tangu mwanzo na haikutumiwa na utetezi katika kesi ya kwanza. Karatasi ilikuwapo, ikapuuzwa, ikaokotwa.

Mawakili wa Kamande waliitaka Mahakama ya Juu ya Kenya iitambue hali hiyo ya mwanamke aliyeteswa na mwenzi wake. Mahakama haikufunga mlango kabisa, na hili ndilo lililopotea katika vichwa vya habari. Ilisema hali hiyo si utetezi unaosimama peke yake katika sheria ya Kenya, lakini inaweza kuzingatiwa ndani ya kujihami au kukasirishwa, kulingana na kila kesi. Ila iwekewe msingi wa ushahidi mahali pake, yaani kwenye kesi ya awali, si kuletwa mbele ya majaji wa mwisho kama hoja ya kisheria tu.

Naiona hukumu hiyo kuwa sahihi kwa kesi iliyokuwa mbele yao. Najua baadhi ya wanaotetea haki za wanawake hawatakubaliana nami. Lakini familia ya Farid ilikuwa na haki ya kuona madai mazito dhidi ya mtu wao, asiyeweza kujibu, yakiwekwa kwenye mizani na kuulizwa maswali. Mahakama ikikubali historia ya mateso kwa kuambiwa tu, kesho itakubali historia ya uzinzi kwa kuambiwa tu kutoka kwa mume aliyemuua mkewe. Mlango ni mmoja, na wanaopanga foleni kuuingia wengi wao ni wanaume.

Tatizo ninaloliona liko chini zaidi. Mahakama ya Juu imesema: leteni ushahidi wa mateso katika Mahakama Kuu. Sasa ushahidi huo unaandikwa na nani, wapi, lini?

Chukua ploti ya kawaida ya Pipeline au Umoja: ghorofa sita au saba, vyumba vimepangwa pande mbili za ukumbi mwembamba, ukuta mmoja wa tofali ukitenganisha kitanda cha huyu na jiko la yule. Kinachosemwa kwa hasira katika chumba kimoja kinasikika vyumba vitatu. Watu wanajua. Mama mboga wa getini anajua nani amevaa leso kichwani kuficha jicho. Mwenye ploti anajua, na hofu yake ni kupoteza mpangaji anayelipa kwa wakati. Ujirani huu una hekima yake, kwa sababu huwezi kuishi ukuta kwa ukuta na watu hamsini kama utaingilia kila kelele. Lakini neno linalotumika kufunga masikio, kwamba “hayo ni mambo ya mume na mke”, ndilo linaloifanya faili iwe tupu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepitia ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Ni mwanamke mmoja kati ya watatu. Wangapi kati yao wana nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi? Anayekwenda kituoni akiwa na damu huweza kuambiwa arudi wazungumze na mumewe, au aende kwa chifu, au aende hospitali kwanza. Akipata P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, lazima daktari aijaze, na akishaijaza bado kuna kurudi kituoni, kuacha kazi ya siku, kulipa nauli, na kumtazama usoni mtu ambaye jioni mtalala chumba kimoja. Wengi huacha katikati. Tangu mwaka 2015 kuna Sheria ya Kulinda dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, inayomruhusu mtu kuomba amri ya mahakama ya kumzuia anayemtesa, na ukatili uliotajwa humo si wa ngumi tu: ni wa pesa, wa matusi, wa kumfuata mtu. Ni sheria nzuri. Mahakama ya Makadara iko pale pale Eastlands, na anayeomba amri hiyo si lazima awe na wakili. Hata hivyo ukiwauliza wanawake kumi wa Dandora kama wameisikia, utaona jinsi sheria nzuri inavyoweza kukaa kabatini.

Kisha mtu anakufa, na mashine ya dola inaanza kuandika. Kinachoandikwa kwanza ni kile kinachomthibitisha muuaji: kisu, damu, mchoro wa chumba, ripoti ya uchunguzi wa maiti. Hayo ni lazima yaandikwe. Yasiyoandikwa ni miaka iliyotangulia, kwa sababu mpelelezi haulizi, na mshtakiwa, akiwa bado anatetemeka seli, hajui kwamba miaka hiyo ndiyo utetezi wake. Maelezo atakayoyatoa siku mbili za mwanzo yatamfuata mpaka mwisho. Akisema leo kwamba marehemu alijichoma mwenyewe kwa bahati mbaya, na mwaka ujao aseme alikuwa akijihami kwa kuwa alizoea kupigwa, maelezo mawili yatawekwa pamoja na yote mawili yataanguka.

Kuna hatua moja ambapo mtaalamu huitwa. Kabla ya kusomewa shtaka la mauaji, mshtakiwa hupelekwa Hospitali ya Mathari kupimwa akili. Daktari hujibu swali moja: je, huyu ana uwezo wa kuelewa shtaka na kulijibu? Akijibu ndiyo, fomu inarudi mahakamani na kesi inaanza. Mwanamke ameketi mbele ya daktari wa akili, kwa gharama ya serikali, siku chache tu baada ya tukio, makovu ya zamani yakiwa bado mwilini, na hakuna anayetaka kujua yametoka wapi. Kama ingekuwa amri yangu, ningeanzia hapo. Katika kila kesi ambapo marehemu na mshtakiwa walikuwa wapenzi au watu wa nyumba moja, daktari aandike pia historia ya mateso kama ipo, na makovu yapimwe na kupigwa picha. Ripoti hiyo haitamwachilia mtu. Itaipa mahakama kitu cha kupima, na kama hakuna historia yoyote ya mateso, nalo litaandikwa, na familia ya marehemu italindwa na madai yanayobuniwa baadaye.

Na wakili. Katiba inataka mshtakiwa apewe wakili wa serikali ikiwa bila wakili haki itapotea, na katika mauaji hilo hufanyika. Lakini anayeteuliwa hulipwa kidogo, mara nyingine humkuta mteja wake siku ile ile ya kusikilizwa, na hana pesa ya kumlipa mwanasaikolojia wala ya kwenda Kayole kuwatafuta majirani waliohama. Akimaliza, faili hufungwa. Rufaa inapofika, wakili mpya analisoma na kugundua kilichokosekana. Kanuni za Mahakama ya Rufaa zinaruhusu ushahidi wa ziada kupokelewa kwa sababu ya kutosha, ila majaji huutumia uwezo huo kwa nadra, na wana haki ya kuuliza: mlikuwa wapi?

Nisieleweke kwamba nazungumzia wauaji wanawake tu. Katika nchi hii wanaokufa mikononi mwa wapenzi wao kwa wingi ni wanawake, na maelfu ya watu waliandamana Nairobi tarehe 27 Januari 2024 kwa sababu hiyo. Ushahidi ule ule unaohitajika na mwanamke mshtakiwa ndio unaohitajika na mwanamke marehemu. Aliyekwenda kituoni mara tatu na kuandikwa mara tatu, akiuawa, zile nambari tatu za OB hubomoa hadithi ya mume kwamba alikasirishwa ghafla siku ile. Rufaa ya mume huyo hufika kwa majaji watatu ikiwa dhaifu. Asipokuwa ameandikwa popote, mume hubaki kuwa shahidi pekee wa ndoa yao, na husimulia atakavyo.

Baada ya hatia huja adhabu, na hapa sheria imesogea kuliko wengi wanavyojua. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayetiwa hatiani kwa mauaji atahukumiwa kifo. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ulazima huo unakiuka Katiba. Kifo kinabaki kuwa adhabu inayoweza kutolewa, lakini jaji asikilize kwanza. Majaji wakaorodhesha ya kuzingatia: umri wa mkosaji, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, kama anajuta, kama anaweza kubadilika. Katika orodha hiyo kuna jambo moja ambalo kila wakili wa mauaji ya nyumbani angepaswa kulijua kwa moyo: kama kosa lilitendwa kwa kuitikia ukatili wa kijinsia.

Kamande alihukumiwa miezi saba baada ya Muruatetu. Jaji Lesiit hakulazimika kutoa hukumu ya kifo. Aliichagua, akieleza kwamba anataka vijana wajue kumuua mpenzi si jambo la kujivunia, na kwamba anayevunjika moyo aondoke na kusamehe. Mwaka 2021 jaji huyo huyo alikuwa na mwanamke mwingine wa Nairobi mbele yake, aliyemuua mumewe na kukiri kosa la kuua bila kukusudia. Historia ya kupigwa ilikuwa wazi mbele ya mahakama. Alimpa kifungo cha siku moja. Jaji ni mmoja na jiji ni moja. Ninachokiona kati ya hukumu ya kifo na siku moja ni tofauti ya matukio, bila shaka, lakini pia tofauti ya kile ambacho mahakama iliwekewa mezani mapema.

Uganda ilitangulia njia hii. Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002 kwa kumuua mpenzi wake, alisomea sheria akiwa gereza la Luzira na jina lake likabeba kesi ya mamia ya wafungwa. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ilifuta ulazima wa hukumu ya kifo, mwaka 2011 akapewa miaka 20 badala yake, na mwaka 2016 akatoka. Tanzania iliambiwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Novemba 2019, iuondoe ulazima huo katika sheria zake. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Marais watatu, Kibaki mwaka 2009, Uhuru Kenyatta mwaka 2016 na Ruto mwaka 2023, walibadili hukumu za kifo kuwa za maisha kwa jumla. Huruma ya rais ni njema, lakini hutolewa kwa wote kwa kalamu moja, aliyeua kwa tamaa na aliyeua kwa woga wa miaka. Haimchunguzi mtu. Kazi ya kuchunguza ni ya mahakama, na mahakama huchunguza kilichomo.

Kwa hiyo wabunge wana kazi ya kufanya, ya kuandika upya vifungu vya 207 na 208 ili hasira ya ghafla isiwe kipimo pekee, na ya kukirekebisha kifungu cha 204 ambacho wameombwa wakirekebishe tangu 2017. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuwaagiza wapelelezi kesho asubuhi, bila kungoja Bunge, waulize historia ya nyumba katika kila mauaji ya aina hii na wakabidhi majibu kwa pande zote mbili, hata yakiwa hayausaidii upande wa mashtaka.

Nawe unayesoma ukiwa Tena, Jericho, Komarock au Mathare North, ukisikia jirani akipigwa usiku huu, bisha mlango au piga simu. Nambari 1195 inapokea taarifa za ukatili wa kijinsia bila malipo, usiku na mchana. Asubuhi msindikize kituoni, na msiondoke kaunta kabla hajapewa nambari ya OB. Aiandike mahali, na wewe uiandike.